Mafua Yasiyo na Kamasi

Mwezi wa sita ulipoingia, Nayaret Challapa alianza kusingizia mafua. Jumatatu alimwambia Edelmira, msichana aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja, kwamba kichwa kinamgonga na hataweza kwenda darasani. Jumanne koo likawa linawasha. Jumatano hakutafuta hata kisingizio. Alivuta blanketi hadi puani, akageukia ukutani, na Edelmira akabeba mkoba wake akatoka peke yake kwenye giza la asubuhi.

Giza hilo ndilo lililokuwa ugonjwa wenyewe, ila Nayaret hakujua. Huku Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile, jua la mwezi wa sita huchomoza karibu saa nne asubuhi, tena kwa uvivu, likapita pembeni mwa anga kama mgeni asiyetaka kukaribishwa, na kabla watu hawajamaliza shughuli zao limeshaondoka. Yeye alikuwa mtu wa Pica, kijiji cha chemchemi na mindimu katikati ya jangwa la kaskazini. Kwao mvua ni hadithi ya kusimuliwa, na jua mtu halifikirii, kama asivyoifikiria pumzi yake. Alipofika mwezi wa tatu kuanza masomo ya uuguzi, kila kitu kilimfurahisha: upepo uliomnyang'anya kofia, bahari yenye rangi ya chuma, mbwa waliovalishwa sweta. Theluji ya kwanza aliipiga picha akamtumia mama yake. Ya pili aliitazama dirishani. Ya tatu hakuiona, alikuwa amelala.

Hakuwa amefiwa. Hakuwa ameachwa na mtu. Angekuwa na sababu angeishika, akailia, ikaisha. Lakini alikuwa na mwili mzito tu, kama nguo iliyolowa, na kila jambo dogo, hata kupiga mswaki, lilimtazama kama mlima. Alikula mkate mtupu akiwa kitandani. Mama yake alipopiga simu, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Unakula, mwanangu?"

"Nakula, mama."

"Unasoma?"

"Nasoma."

Nyuma ya sauti ya mama aliisikia bendi ya kijiji ikifanya mazoezi. Baba yake hupiga tuba humo, tarumbeta kubwa ya sauti nzito, na Nayaret mwenyewe alipewa tarumbeta akiwa bado mdogo, meno ya mbele hayajajaa. Kila mwezi wa saba bendi huenda La Tirana kwenye sikukuu ya Bikira wa Karmeli, kuwapigia wacheza ngoma ya mashetani, wanaovaa barakoa za pembe kumtukuza Bikira, na mwaka huu ungekuwa wa kwanza kwake kukosa. Aliposikia tuba ikinguruma, alitafuta sababu akakata simu.

Siku ya mtihani wa anatomia aliizima kengele ya simu, akajiambia dakika tano tu. Alipofumbua macho, Edelmira alikuwa amesimama katikati ya chumba na koti lake bado limejaa theluji.

Edelmira Cárcamo alikuwa mtoto wa kisiwa cha Chiloé, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita kondoo ng'ambo ya kilima. Jioni hiyo hakuwa na mzaha. Alikwenda dirishani akalivuta pazia kwa hasira, kama mtu anayetaka kufukuza usingizi kwa mwanga. Nje kulikuwa na giza lilelile la ndani. Wote wawili wakabaki wakilitazama.

"Haya, hilo halikusaidia," akasema, akawasha taa. "Amka. Mtihani umepita."

"Nina mafua."

"Wiki ya tatu hii! Shoga, mafua gani haya yasiyo na hata kamasi? Nakaa na wewe humu, sijakusikia ukipenga pua hata mara moja."

Nayaret alijaribu kukohoa. Kikohozi kilikataa, na badala yake yakaja machozi, mengi, ya kumshangaza mwenyewe. Edelmira hakuwa amejiandaa kwa machozi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, theluji ikimwagika juu ya shuka.

"Sijui nina nini," Nayaret alisema. "Naamka nimechoka. Nalala nimechoka. Najiambia kesho nitakuwa mtu. Halafu kesho inakuja, nayo nyeusi."

"Mimi nilidhani unanichukia," Edelmira akasema polepole. "Kwamba nakoroma."

"Unakoroma."

"Lakini si sababu?"

"Siyo."

"Afadhali." Akavua koti. "Maana ya kukoroma sina dawa."

Wakashuka jikoni, Edelmira akimshika mkono kama mtu anayevusha mgonjwa. Mama Danica, mwenye nyumba, alikuwa akipakua supu ya nyama na boga. Babu zake walitoka Kroatia, lakini yeye alizaliwa mtaa huuhuu, na aliijua baridi ya hapa kama mtu anavyomjua jirani mkorofi. Edelmira alimweleza yote bila kuombwa. Mama Danica alisikiliza, akaongeza kipande cha nyama kwenye bakuli la Nayaret.

"Mimi kila mwezi wa sita namnunia mume wangu bila kosa lolote," alisema. "Mwezi wa tisa namwomba radhi. Keshazoea, maskini. Lakini wewe, mwanangu, usingoje mwezi wa tisa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Pale chuoni si kuna mtu wa mambo haya?"

Mtu huyo alikuwepo. Aliitwa Loreto, mshauri wa wanafunzi, mwanamke mwembamba mwenye ofisi ndogo iliyojaa maua ya kwenye vyungu. Edelmira alimsindikiza Nayaret hadi mlangoni, akakaa nje kwenye benchi "ili usitoroke." Nayaret alidhani ataambiwa ajikaze. Loreto alimuuliza maswali mengi: usingizi, chakula, kama aliwahi kutaka kujidhuru. Hilo la mwisho Nayaret alilijibu kwa haraka kwamba hapana, kisha akalifikiria tena, akajibu taratibu kwamba hapana.

"Nimeingia kwenye uvivu tu," akaongeza.

"Mvivu hufurahia kulala," Loreto akamwambia. "Wewe unafurahia?"

Nayaret akatikisa kichwa.

"Basi huu si uvivu. Mwili wako umenyimwa mwanga, ukadhani ni usiku wakati wote. Hali hii huwapata wengi, hasa mwaka wa kwanza. Nitakuazima taa maalumu, ukae mbele yake kila asubuhi ukinywa chai. Adhuhuri utoke nje, hata kama mawingu ni mazito. Uamke saa ileile kila siku. Na kila wiki uje tuzungumze. Mwalimu wako nitazungumza naye mimi, na wewe utakwenda kumwona uso kwa uso. Ukiona unazidi kuzama, nitakupeleka kwa daktari. Sawa?"

Ilionekana rahisi pale ofisini. Kitandani haikuwa rahisi. Taa ilikuwa kali kama ya kuhojiwa na polisi, na Edelmira, aliyelazimika kuamka nayo, alivaa miwani ya jua kunywa chai. Adhuhuri alimvuta Nayaret hadi ufukweni.

"Sitaki."

"Kwani umeulizwa?"

Walitembea wameinama, upepo wa Mlango wa Bahari wa Magellan ukiwasukuma mgongoni wakati wa kwenda na kuwapiga makofi wakati wa kurudi. Baada ya wiki moja Nayaret alianza kusikia njaa. Baada ya nyingine akarudi darasani. Kisha zikaja siku za theluji mfululizo, akaanguka tena, akalala siku mbili bila kula, akiamini kwamba mambo yote yale yalikuwa ya kujidanganya. Edelmira hakumkemea. Alikaanga milcao, mikate ya viazi ya kwao Chiloé, akaiweka karibu na mto wake, harufu ifanye kazi yake. Siku ya tatu Nayaret alikula miwili, akaenda kwa Loreto bila kusindikizwa.

Sikukuu ya Bikira ilipofika, simu ililia adhuhuri. Ilikuwa mama yake, kutoka katikati ya La Tirana, na nyuma yake palikuwa na kishindo cha ngoma na matarumbeta kana kwamba dunia nzima inaolewa.

"Nimekupigia usikie!" mama alipaza sauti. "Unasikia? Baba yako yule! Unaendeleaje, mwanangu?"

Nayaret alifungua mdomo kusema "vizuri."

"Mama, nimekuwa mgonjwa."

"Nini? Sikusikii!"

"Nimekuwa mgonjwa! Wa huzuni!"

"Mgonjwa wa nini? Paza sauti!"

"WA HUZUNI, MAMA! NILIKUWA SIAMKI! NILIKOSA MTIHANI! NILIKUDANGANYA!"

Nyumba nzima ilisikia. Jikoni kijiko cha Mama Danica kilisimama. Upande wa pili wa simu bendi iliendelea kidogo, kisha ikafifia. Mama alikuwa akitembea, akitafuta kona. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya chini na karibu sana.

"Niambie tangu mwanzo," alisema. "Nimekaa chini. Sina haraka."

Nayaret akamwambia yote. Mama alilia, akauliza mambo ya Loreto, akauliza kama Edelmira ni mtu wa kanisa, akasema hata kama si mtu wa kanisa atamwekea mshumaa. Walipoagana, Nayaret alihisi kama aliyetua mzigo wa kuni.

Kesho yake Edelmira alikuwa na kipindi mchana, kwa hiyo Nayaret alikwenda ufukweni peke yake. Safari hii alibeba tarumbeta. Tangu aje alikuwa hajaipiga; kuta za nyumba ya Mama Danica zilikuwa za mbao nyembamba, na zaidi ya hapo hakuwa na moyo. Sauti ya kwanza ilitoka kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Ndege weusi waliojipanga kwenye gati bovu waliruka wote kwa pamoja. Mdomo ulimuuma kwa baridi ya chuma. Akaupasha moto mdomo wa tarumbeta kwa mikono, akajaribu tena, na wimbo wa ngoma ya mashetani ukaanza kutoka, ukichechemea.

"Hiyo ya kwetu!" mtu alipiga kelele ng'ambo ya barabara. "We dada! Hiyo ni ya kwetu!"

Kijana mmoja alikuja mbio, akakanyaga barafu, miguu ikapaa, akatua kwa makalio. Aliinuka akicheka, akaja akichechemea.

"Wewe wa wapi?"

"Pica."

"Mimi wa Calama, kwenye migodi ya shaba! Baldovino Ayavire. Basi wewe ndimu, mimi shaba."

Alikuwa mwanafunzi wa umeme, mwaka wa pili, na kwao alikuwa akipiga ngoma kubwa. Walirudi mjini pamoja, na njiani mzaha wake ulipungua. "Mwaka jana baridi ilinilaza," alisema bila kumtazama. "Masomo manne nilifeli. Niliwaambia nyumbani kwamba walimu wa huku wakali."

"Mimi nilisema mafua."

"Mafua ni mazuri," Baldovino alikiri. "Sikuyafikiria."

Siku zilikuwa zimebaki chache kabla ya kanivali ya majira ya baridi, ambayo mji mzima hutoka barabarani kwa magari yaliyopambwa na vikundi vya ngoma, na Baldovino alikuwa na wazo. Walibandika tangazo chuoni. Wakajitokeza watu wa kaskazini watano na wa kusini saba, ambao hawakuijua ngoma ya mashetani hata kwa jina, na Edelmira wa kwanza wao. Walifanya mazoezi kwenye ukumbi wa michezo. Barakoa walizitengeneza kwa trei za mayai na rangi nyekundu. Nayaret aliwafundisha hatua, na alijikuta akifoka kama baba yake: "Goti juu! Shetani gani anatembea kama anaenda sokoni?"

Jioni ya kanivali theluji ilikuwa ikidondoka kubwakubwa. Watu walisimama pande zote za barabara, watoto juu ya mabega, mikono imeshika vikombe vya chokoleti ya moto. Walianza vizuri. Walipofika katikati ya mji vitufe vya tarumbeta viliganda. Nayaret aliiingiza ndani ya koti, akaisugua, akaijaribu tena: kimya. Nyuma yake mashetani kumi na wawili walikuwa wakiruka kufuata ngoma tupu.

"Imekufa!" alimwambia Baldovino.

"Imba basi!" Baldovino akajibu, bila kuacha kupiga.

Hakuwa mwimbaji. Alifungua mdomo akaimba sauti za tarumbeta, la-la-la, kwa koo kavu, mvuke ukimtoka kama birika. Edelmira, barakoa imelegea kwa maji na pembe moja imelala, akaipokea kwa ile sauti yake ya kondoo. Kisha mtoto mmoja kando ya barabara, kisha mama yake, kisha wazee wawili wenye kofia za sufu. Hadi wanafika mwisho wa barabara watu wa upande mmoja walikuwa wakiuimba wimbo ambao hawajawahi kuusikia maishani, tena wakikosea, na Nayaret alikuwa akicheka mpaka mbavu zinamuuma, machozi yakimganda mashavuni.

Mwezi wa nane alirudia mtihani wa anatomia. Alipata alama ya kupita, na kidogo juu yake. Kwa Loreto aliendelea kwenda, maana bado kulikuwa na asubuhi ambazo blanketi lilimshinda nguvu, ingawa sasa alizijua kwa jina na alijua nani wa kumwambia. Alipotoka kuangalia matokeo, jua lilikuwa bado liko juu ya maji, na Edelmira na Baldovino walikuwa wakimngoja langoni.

"Umepita?" Edelmira aliuliza.

"Nimepita."

"Basi wewe ndiye unapika leo."

Waliondoka kufuata ufukwe. Baldovino alikuwa akipanga mambo ya mwakani, watu ishirini, mavazi ya kweli, na tuba, kwa sababu bendi bila tuba ni mtu bila tumbo.

"Tuba haipiti mlango wa Mama Danica," Nayaret alimwambia.

"Tutang'oa mlango."

"Nani atamwambia?"

"Wewe," wenzake wakasema kwa pamoja. "Ila ngoja mwezi wa tisa."