Kasuku Apuliza Kidogo

Mtu na mdogo wake walizaliwa na ugonjwa mmoja: sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi kuwa mazito kama gundi, yakaharibu mapafu polepole. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na mbili, na kwa ukali wake nyumbani walimwita Bi Mkubwa. Mdogo, wa miaka tisa, walimwita Kasuku, maana alikuwa hanyamazi hata akiwa na kijiko mdomoni.

Kila baada ya miezi michache mama yao aliwapeleka kliniki kupimwa pumzi. Unabanwa pua kwa kibanio, unavuta hewa mpaka mabega yanapanda, kisha unapuliza kwenye mrija kwa nguvu zako zote. Mashine inatoa namba, na daktari anailinganisha na zile za nyuma, tangu ulipokuwa mdogo.

Safari hii Bi Mkubwa alitangulia. Alipuliza, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Namba yake ilikuwa imeshuka. Akakaa akitazama sakafu.

Ikaja zamu ya Kasuku. Namba yake ikaporomoka, chini hata kuliko ya dada yake.

Daktari akakunja uso. "Mama, huyu alikuwa anakwenda vizuri sana. Amekuwa akikohoa?"

"Wala! Jana tu nimemshusha juu ya ukuta wa jirani."

"Namba za utotoni zinatuonyesha mapafu yanaelekea wapi," daktari alisema. "Hazisemi kila kitu, lakini mtoto anayeshuka mapema hivi, mara nyingi ukubwani hupata shida zaidi. Sitaki kusubiri. Nitamlaza leo, tumwanzishie dawa za mshipani."

Mama alikaa bila kuangalia kama nyuma yake kuna kiti. Bahati nzuri kilikuwapo.

"Huyu hajapuliza," Bi Mkubwa akasema.

"Nimepuliza!"

"Umehema tu. Hebu nitazame."

Kasuku akatazama dari. "Namba yako imeshuka, dada. Mimi nikipata kubwa, utabaki huko chini peke yako."

Bi Mkubwa aliinuka kama anayetaka kumzaba kofi, lakini alipomfikia akamshika mabega. "Nani kakwambia nataka mwenzangu huko? Mimi nataka upumue, mjinga wewe."

Daktari alisogeza kiti karibu na Kasuku. "Huu si mtihani wa darasani, mwanangu. Ukinidanganya nitakupa dawa usizozihitaji, na kitanda ambacho ni cha mwingine."

"Ni changu," Bi Mkubwa akasema taratibu.

Daktari aliitikia kwa kichwa.

Mpimaji akabadilisha mrija, Kasuku akapuliza upya. "Puliza, puliza, usiache, malizia!" mpimaji alihimiza, hadi waliokuwa kwenye foleni nje wakachungulia. Namba ikapanda hadi pale pale ilipozoea kuwa. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Bi Mkubwa, macho mekundu.

Bi Mkubwa alilazwa jioni hiyo hiyo. Kasuku alikuja kila alipotoka shule, akapiga soga mpaka muuguzi akamwomba awaonee huruma wagonjwa wengine. Dawa zilipoisha, Bi Mkubwa alipimwa tena. Namba ilikuwa imepanda, ila si yote.

"Kilichopotea hakitarudi chote," daktari alimwambia bila kuzunguka. "Ila tumeona mapema, na tutapunguza kasi ya kushuka."

"Nitafika chuo?"

"Mimi nakupangia dawa kama mtu atakayefika."

Alifika. Siku hizi anafundisha hisabati katika shule ya ghorofa mbili, na mwalimu mkuu amempa chumba cha ghorofa ya chini ili asipande ngazi. Wanafunzi wake wamemzoea. Akianza kukohoa katikati ya hesabu, wanaweka kalamu chini, wanamsubiri mpaka amalize, kisha somo linaendelea.