Msafara Usio na Nyuma

Usiku wa kuamkia msafara wa baiskeli, Kulwa Nkinga aliota baiskeli yake inamwomba asiinyonge.

Hapo hakushtuka. Kushtuka kulikuja baadaye. Aliitazama tu baiskeli usoni, yaani kwenye taa, akaijibu kama unavyomjibu jirani: "Baiskeli zote hunyongwa. Ndiyo kazi yenu."

"Najua," ilisema baiskeli. Sauti ilitoka kwenye kengele. "Ila wenzako wananyonga pedali. Wewe unaninyonga shingo."

Kulwa akaitazama mikono yake. Kweli, ilikuwa imeukaba usukani kama mikono ya mtu anayechinja kuku mkaidi. Akalegeza kidogo, akaomba radhi.

Ni vyema kumjua kwanza. Kulwa na Doto ni mapacha wa Shinyanga, wanawake wa makamo, bibi za watu. Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na tangu siku hiyo hajaacha kutangulia. Ujanani alishindana mbio za baiskeli za wanawake, na mpaka leo hata msibani huwahi kuliko jeneza. Doto huuza vitenge sokoni na hajawahi kuwa na haraka na mtu. Mwaka huu nyonga ilimlaza kitandani muda mrefu, akapasuliwa, akajifunza kutembea upya kama mtoto. Daktari alipomwambia kwamba sasa anaweza kupanda baiskeli, mradi aende taratibu, siku hiyo hiyo akajiandikisha yeye na pacha wake kwenye msafara wa mji. Mamia ya watu hunyonga kutoka uwanja wa mpira mpaka Old Shinyanga na kurudi. Hakuna zawadi, hakuna mwenye saa, hakuna mshindi. Ni raha tu.

Jioni Doto alikuja kulala kwa Kulwa ili waondoke pamoja asubuhi. Wakati wa chakula akauliza, "Kesho tutakwenda bega kwa bega, siyo?"

Kulwa alimega tonge, akatafuna, akameza. "Tutakutana mwisho," alisema.

Doto alinawa mikono, akaenda kulala.

Sasa, ndotoni, uwanja umefurika. Bwana harusi na bibi harusi wamepanda baiskeli moja na bado wanagombania nani akae mbele. Hakimu amevaa joho. Mama mmoja ana beseni la nguo kwenye usukani na anaendelea kufua. Yupo pia mbuzi, amevaa kofia ngumu iliyotobolewa pembeni ili pembe zipite.

Mbele yao wote amesimama ndege korongo, mrefu, kizibao cha manjano kifuani, filimbi mdomoni. Pembeni yake kuna spika kubwa yenye miguu ya binadamu. Imevaa ndala.

"Sheria," ilisema spika. "Kwanza, kaeni kushoto. Pili, hii ni raha, si mashindano. Tatu, asiachwe mtu nyuma. Swali?"

"Je, mtu akiachwa?" aliuliza bibi harusi.

"Asiachwe," ilijibu spika. "Ndiyo maana ya asiachwe."

Watu wakaridhika. Hapo wakaja vijana wa kazi, wakaanza kuukunja upande wa kulia wa barabara kama mkeka. Waliuviringisha na lami yake, na miti yake, na duka la dawa lililokuwa upande huo, wakaufunga kamba, wakaubeba begani.

"Mnaupeleka wapi?" Kulwa aliuliza.

"Stoo," walijibu. "Si mnakaa kushoto?"

Mahali palipokuwa na kulia pakabaki peupe, kama karatasi ambayo haijaandikwa. Kulwa aliliona hilo. Alitaka kumwonyesha mtu. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa yeye.

Korongo akaanza kupita mstarini akikagua raha. Anainamisha kichwa, anatega sikio kwenye kifua cha mtu, anauliza, "Ipo?" Hakimu anasema ipo. Maharusi wanasema ipo, ila kwa leo tu. Mbuzi anasema ipo kiasi.

Akafika kwa Kulwa.

"Ipo, afande," alisema Kulwa upesi.

Korongo alitega sikio, akakunja uso. "Nasikia hesabu humu."

"Hesabu gani?"

"Unahesabu watu walio mbele yako."

"Mbele yangu hakuna mtu."

"Hiyo ndiyo hesabu yenyewe," alisema korongo. "Na pacha wako?"

Kulwa aligeuka huku na huku. Doto hakuwepo. "Anakuja," alisema.

Korongo akapuliza filimbi.

Kulwa ananyonga. Baiskeli inakohoa. Barabara inapinda kushoto, inapinda tena, inaingia mlangoni mwa nyumba, na ghafla matairi yanateleza juu ya sakafu ya saruji iliyopigwa deki sasa hivi. Kuna harufu ya dawa. Kuna vitanda. Ni wodi ya wazazi.

Muuguzi mwenye kofia nyeupe amesimama kando ya kitanda, mkasi mkononi. Kitandani amelala msichana mwembamba, uso umelowa jasho, nywele zimesukwa mtindo ambao siku hizi hausukwi tena.

Kulwa akakamata breki kwa nguvu zote. Hapa ndipo aliposhtuka. Mama yao walishamzika, akiwa mzee. Na huyu hapa ni yeye, mbichi, mdogo kuliko kitinda mimba wa Kulwa.

"Mama?"

"Ee, mwanangu," alisema yule msichana, akihema. "Umetoka mbio namna hiyo, unawahi wapi?"

"Niko kwenye msafara, mama."

"Na mwenzako?" aliuliza muuguzi.

"Mwenzangu yupi?"

"Usijitie hujui. Kuna kichwa cha pili hapa. Egesha baiskeli, umsubiri."

"Atachukua muda gani?"

"Muda wake."

Mama akanyoosha mkono, akamgusa Kulwa kwenye goti. Mkono ulikuwa wa moto. "Mshike tu akitoka," alisema. "Mlikuwa wawili humo ndani. Sasa amebaki peke yake, na ni giza. Atanyoosha mkono."

Kulwa alikitazama kitanda. Akautazama mlango wa upande wa pili. Kwa mbali, nyuma yake, alisikia kengele za baiskeli na kicheko cha bibi harusi. Walikuwa wanamkaribia.

"Nitakutana naye mwisho," alisema.

Aliyasikia maneno hayo yakitoka na hakuamini ni ya kwake. Aliziba mdomo kwa kiganja. Lakini mguu ulikwisha kukanyaga pedali, na baiskeli ilikwisha kusogea. Muuguzi hakumkemea. Mama hakumlaani. Aligeuzia tu uso ukutani.

Nje ya mlango ule ulikuwepo uwanja wa mpira. Utepe wa mwisho ulifungwa katikati ya magoli. Kulwa aliukata kwa kifua, akainua mikono juu kama zamani, akangoja kelele.

Kimya. Korongo alikuwa peke yake, anapanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine.

"Nimeshinda," alisema Kulwa.

"Hakuna kushinda."

"Basi nimemaliza."

"Hilo sikatai."

"Watu wako wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma wapi?"

Korongo aliweka kiti chini, akasafisha koo. "Hapo ndipo penye tatizo," alisema. "Sheria ya tatu inasema asiachwe mtu nyuma. Wewe umeacha. Na sheria haivunjwi. Kwa hiyo tumeondoa nyuma."

Kulwa akageuka. Hakukuwa na barabara. Hakukuwa na mji, wala vilima, wala mlango wa wodi. Kulikuwa na ule weupe wa karatasi, na ulianzia pale pale kwenye kiti cha baiskeli. Gurudumu la nyuma halikuwepo. Baiskeli ilikuwa imesimama vile vile, kama haina habari.

"Usiniulize mimi," ilisema kengele.

Kulwa alipeleka mkono mgongoni. Mkono ulipita. Uligusa fulana kwa ndani, upande wa tumboni. Alijipapasa kisogo, hakuna kisogo. Upepo ukavuma, naye akapepea kuanzia utosini mpaka miguuni, pata pata pata, kama tangazo lililobanduka ukutani.

Alipiga yowe. Yowe lenyewe lilitokea mbele tu.

"Afande! Mgongo wangu!"

"Mgongo hukaa nyuma," alisema korongo kwa upole. "Ulipenda kuwa mbele. Sasa umebaki mbele tu."

"Nirudi vipi?"

"Kurudi ni kwenda nyuma. Na nyuma, nimekwambia, hakuna." Akainua kiti kingine.

Hapo ndipo ile spika ilipopita ikiburuta ndala zake, inaelekea nyumbani, na bila kumtazama ikasema kwa mazoea, "Kaeni kushoto."

Kulwa akaegama kushoto. Hakuwa na pengine pa kwenda. Ananyonga gurudumu moja, anapinda kushoto, anapinda tena, anapepea, anashika kifua chake kwa mkono mmoja kisichukuliwe na upepo. Uwanja unazunguka. Anapita wodini, kitanda kimetandikwa, muuguzi anaosha mkasi. Anapita sokoni, meza ya vitenge imefunikwa. Anapinda kushoto. Na mbele yake, si nyuma, kunatokea kipande cha barabara ambacho hakikuondolewa kwa sababu kilikuwa na watu.

Msafara wote ulikuwa umesimama pale. Katikati kuna baiskeli iliyopinduliwa, magurudumu juu. Hakimu ameshika gurudumu. Bibi harusi ameshika spana. Mbuzi anatoa ushauri. Na Doto amekaa chini, mguu mmoja ameunyoosha kwa ajili ya nyonga, anarudisha mnyororo uliotoka. Mikono yake imejaa grisi mpaka kwenye vifundo. Watu wanacheka kitu ambacho Kulwa hakukisikia.

"Umechelewa, dada," alisema Doto bila kuinua macho.

"Nilikuwa mbele."

"Mbele ya nani? Sisi wote tuko hapa."

Kulwa alitaka kumwambia kuhusu utepe. Badala yake alimsogelea. "Doto," alisema, "sina mgongo."

Doto aliinuka taratibu, mkono kiunoni. Alimzunguka, akamwangalia kwa makini kama mtu anayeangalia kitenge chenye kasoro. "Kweli huna," alisema. "Mimi nilinyoosha mkono, Kulwa. Kule ndani. Nilipapasa sana. Hakukuwa na mtu."

Kulwa alilia. Alilia mbele ya hakimu na maharusi, machozi yanapeperushwa na upepo kabla hayajafika shavuni. "Niliogopa watanipita," alisema.

"Nani?"

Kulwa alifikiri. Alitafuta jina moja, la mtu mmoja tu. "Sijui," alisema.

Doto akaigeuza baiskeli yake, akapanda kwa kujivuta. "Twende. Nitakusukuma."

"Wewe na nyonga hiyo? Utanisukumaje?"

"Kwa mkono. Uzito gani ulio nao? U mwepesi kama gazeti."

Msafara ukaondoka. Doto alikuwa anakwenda polepole kiasi kwamba vipepeo waliwapita, na Kulwa anakwenda pembeni yake, anapepea. Kisha Doto akanyoosha mkono, ule ule wenye grisi, akauweka pale ambapo mgongo wa mtu huwa.

Kulwa aliusikia. Kiganja chote, kizito, cha moto, na vidole vyake vyote. Mkono haukupita. Ulikuta kitu cha kuegemea.

Na kuanzia pale ulipoegemea, nyuma ikaanza kurudi. Likaja gurudumu. Ikaja kona waliyoipita, na vilima, na mji, na sauti ya mtu fulani anayemwita mwanawe akaoge. Baiskeli ikashusha pumzi. Korongo alikuja akikimbia kwa miguu yake mirefu, akatega sikio kwenye kifua cha Kulwa, na kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe akashtuka.

"Ipo," alisema.

Kulwa akaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Alikuwa amelala kifudifudi, shuka limeanguka chini. Nje, uani, alisikia maji yakimwagwa, na mtu anasugua kitu kwa nguvu.

Alitoka na gauni lake la kulalia. Doto alikuwa ameinama kwenye ndoo.

"Umeamka?" alisema Doto. "Hebu nipe sabuni ya unga, dada. Hii ya kuogea haitoi kitu."

Alimwonyesha kiganja. Kilikuwa cheusi, na weusi umeingia mpaka kwenye kucha.

Kulwa alikitazama. Baiskeli zao zilikuwa zimefungiwa dukani kwa fundi, ng'ambo ya mji, na walipanga kuzichukua asubuhi hiyo. Ndani ya nyumba hii hakukuwa na mnyororo wala grisi.

"Umeshika nini?" aliuliza mwishowe.

"Hata sijui. Nimeamka nayo." Doto aliendelea kusugua. "Na mkono wenyewe unauma, kama niliyekuwa nasukuma mzigo."

"Leo twende pamoja," alisema Kulwa. "Polepole. Bega kwa bega."

"Sawa," alisema Doto, akamtazama kwa mshangao.

Kulwa akageuka kwenda ndani kuchukua sabuni. Hakufika mlangoni. Nyuma yake kusugua kulikoma ghafla.

"Kulwa," alisema Doto. "Hebu simama hapo hapo. Nani kakushika mgongoni kwa mkono wa grisi?"