Nilisema Msile

Mvua ya mwaka tisini na saba ilikwamisha lori letu siku tisa pale Kalemng'orok. Mahindi yalipofika Kakuma, magunia arobaini yalikuwa yameota ukungu wa kijani. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa ghala la chakula cha msaada. Nilipeleka kopo la punje Lodwar likapimwe, jibu likarudi kwa Kiingereza: sumu, yazikwe.

Tukayazika. Nikapewa kipaza sauti, nikazunguka kambi ya wakimbizi hadi kwa Waturkana wenzangu. "Mahindi yaliyozikwa yana sumu! Hata yakipikwa, sumu haitoki! Msile!" Mama yangu, Namuar, alisimama mlangoni akiwaambia majirani kwamba huyo anayepiga kelele ni Akeno wake. Siku hiyo nilivimba kichwa, sifichi.

Mwezi haukuisha, macho ya mama yakawa manjano, tumbo likajaa maji. Tukampeleka hospitali Lodwar, mimi na Nyaboth, mkimbizi aliyekuwa akipika pombe ya busaa na mama. Daktari akauliza kama alikula mahindi yenye ukungu. Nikamfokea. Mama yangu mimi? Mimi niliyetangaza?

Nyaboth alinivuta kando.

"Akeno, sisi hapana kula. Wewe nasema msile. Sisi nachimba gunia mbili, natengeneza busaa."

"Nyaboth!"

"Ile ya kuoza nachacha haraka. Na mama lazima naonja kwanza, kila mtungi, ndio watu nakunywa."

Hiyo nilikuwa naijua. Mpishi wa busaa asipoonja mbele ya wateja, hakuna anayegusa kikombe. Nilikuwa nimeiona tangu utotoni, na haikunijia hata mara moja nikiwa na kile kipaza sauti mdomoni.

Nilirudi kitandani kwa mama. Nilitaka kukasirika, hasira haikuja. Nilihesabu vigae vya dari.

"Nilikusikia siku ile," mama akasema kwa Kiturkana. Alikuwa anatabasamu. "Sauti yako ilifika vizuri. Sikula hata punje moja, mwanangu."

Nikamwambia amefanya vizuri.

Alikufa Alhamisi. Tulimzika, watu wakanishika mkono, nami nikawa naitikia tu. Sikulia. Najilaumu, najua najilaumu, lakini ni kama habari ya mtu mwingine.

Jumatatu nilichukua kipaza sauti, nikaweka betri mpya.

"Msile," nikasema. "Wala msinywe."

Watoto wakanifuata nyuma wakiniiga.