Waziri wa Sabuni

Shuleni walimwita Waziri wa Sabuni, na mwalimu mkuu alimpiga picha akinawa, akaibandika ofisini. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto wa miaka tisa ananawa mpaka ngozi inachanika. Mama yake, fundi cherehani, ndiye aliyejua: binti alinawa mara saba, akikosea hesabu alianza upya, maana kichwa kilimwambia kwamba akiacha, mama atakufa.

Daktari wa watoto hakumung'unya maneno.

"Mama, ubongo una matarishi wake. Habari ya 'umeshanawa' inatumwa, ila haitulii. Dawa hii husaidia, lakini polepole, ni wiki nyingi. Na aje kwa mshauri, ajifunze kuuvumilia wasiwasi bila kukimbilia bomba. Dawa usiikatishe bila kuniona."

Ukoo ukakaa kikao. Shangazi mtu, aliyetoka kumeza kidonge cha presha dakika hiyohiyo, akaguna.

"Dawa za kichwa kwa mtoto, wifi? Watu watatuonaje?"

Mjomba mwenye kisukari akaafiki, akajidunga sindano yake tumboni, akaendelea kuyalaani madawa.

Mama alirudi kwenye cherehani yake. Kila asubuhi alimpa mtoto dawa. Wiki ya tatu hakuona kitu ila tumbo la binti kusokota. Wiki ya tisa binti alinawa mara moja, akaketi kula.

Jumatatu mwalimu mkuu akamwita mama ofisini.

"Mzazi, mtoto ameshuka."

"Kimasomo?"

"Masomo amepanda. Usafi, mama. Siku hizi ananawa kama wenzake." Alisema hayo kwa sauti ya kutoa tanzia. "Na Ijumaa wakaguzi wanakuja kumwona mwanafunzi wetu wa mfano. Msimamishie dawa wiki hii tu, halafu ataendelea."

Mama aliitazama miwani ya mkuu. Shule mtaani ilikuwa hiyo moja, na mkuu huyu alikuwa na kinyongo cha ngamia.

"Mwalimu, hiyo miwani ya nini?"

"Bila hii sioni kitu."

"Basi ivue mpaka Ijumaa. Wakaguzi wakukute na macho yako ya kuzaliwa."

Mkono wa mkuu ulipanda hadi kwenye fremu, ukaishika vizuri.

Ijumaa wakaguzi walionyeshwa waziri mpya, mtoto wa mkuu mwenyewe, akinawa kwa amri ya baba. Alinawa mara mbili, akasema imetosha, akakimbilia uwanjani, alikokuwa binti wa fundi, vumbi mpaka viwikoni.