Mshale Kwenye Manjano

Kila asubuhi Mwongeli alipima vijiti. Vilikuwa vijiti vya mkaratusi vilivyomenywa, vimelazwa juu ya waya nje ya ofisi ya shamba la miti, mashariki ya Thika, vikipigwa na jua na mvua sawa na matawi yaliyoanguka msituni. Vikiwa vizito, msitu una unyevu. Vikiwa vyepesi, cheche moja tu yatosha. Akishapima na kuangalia upepo, alisogeza mshale kwenye ubao wa langoni: kijani, manjano au nyekundu. Siku ya nyekundu hakuna aliyeingia na moto, hata wa kufukuza nyuki.

Mumewe, Mwau, alikuwa na mizinga ya nyuki humo ndani, na wateja wa asali wa mtaa wa Membley walimsumbua kwa simu. Kiangazi kilikuwa kikali, mshale haukubanduka kwenye nyekundu.

"Leo je, mama Syokau?" aliuliza asubuhi ile.

Mwongeli aliweka vijiti kwenye mizani. Vizito! Mvua haikuwa imenyesha, nyasi zilivunjika chini ya viatu, na moyo wake ulisita. Lakini mizani ndiyo kazi yake, na tena alikuwa amechoka kumwambia mumewe hapana.

"Manjano. Lakini chunga huo moto."

"Kwani mimi ni mtoto?" Mwau alicheka, akabeba ndoo na kopo lake la moshi.

Mchana upepo ulivuma, cheche zikaruka, msitu ukawaka. Walimkuta kando ya ndoo yake, na hakuna aliyemruhusu Mwongeli kumtazama.

Kwenye matanga, ndugu za Mwau hawakunong'ona. Mke ndiye aliyemuua, walisema, ndiye aliyemfungulia lango. Mwongeli aliumia. Akaenda kwenye waya wa ofisi, hatua chache tu kutoka nyumbani, akavunja kijiti kimoja. Ndani kilikuwa kibichi: uzito ulikuwa wa utomvu, si wa mvua. Akarudi nacho mbio, awaoneshe wote.

Katunge, mama mkwe wake, alikuwa jikoni nje, pembeni ya sufuria ya chai.

"Hicho nilisahau kukuambia," alisema kwa sauti iliyokauka kwa kulia. "Jioni ile kabla ya msiba, wamama wa kanisa walikuja kutoka Makongeni, kuni zikaisha. Nikachukua vile vyako, vilikuwa vimekauka vizuri. Lakini nilikata vingine, nikavimenya, nikalinganisha mpaka vikafanana. Sikutaka ukosane na bosi." Akamtazama. "Kwani vilikuwa vya nini, mwanangu?"

Upande wa waombolezaji, shemeji mmoja alikuwa akitaja jina la Mwongeli kwa hasira.

Mwongeli alifungua kinywa amwambie. Akamwona yule mama, mwana wake hajazikwa bado.

"Si vya kitu, mwaitu, mama yangu. Ni vya kuwasha moto tu."

Akakisukuma kijiti chini ya sufuria. Kilifuka moshi, kikatoa povu, kikakataa kushika.