Binti Aliyekataa Kupanda Kundi

Wanafunzi walimwita mwalimu wao Jicho, wala hakulichukia jina hilo. Alikuwa amefundisha darasa la tatu miaka kumi na tisa, na kazi ya kunakili aliinusa hata kabla hajafungua daftari.

Muhula ule shule ilianzisha mpango mpya wa kusoma. Saa ya kwanza kila asubuhi watoto waliacha madarasa yao, wakakaa kwa makundi kulingana na uwezo: herufi, maneno, aya, hadithi. Mwisho wa mwezi kila mmoja alipimwa peke yake, na aliyeiva alipanda. Kundi la herufi lilikuwa mikononi mwa mwalimu kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, na ndilo pekee lililopewa vijitabu vya kwenda navyo nyumbani.

Miezi mitatu ikapita. Wote walipanda isipokuwa wachache, akiwemo Kipusa wa darasa la Jicho, binti wa mfagizi wa shule. Kila akipimwa alikwama neno la pili, akanyamaza.

Basi siku moja Jicho akamkuta mbele ya ubao wa matangazo, akimcheka mwenzake. "Haijaandikwa 'nje', imeandikwa 'ngazini'. Hebu fungua macho!"

Machale yakamcheza mwalimu. Kundi la herufi likiisha, kijana yule atabaki na kazi gani? Bila shaka anawafundisha watoto kufeli. Akamfuata ofisini.

"Hivi Kipusa unamfundisha kusoma, au unamfundisha kutosoma?"

Kijana akaweka kikombe chini. "Dada, mimi nilidhani ni wewe unayemtisha huko darasani mpaka ulimi unamganda."

"Mimi?"

"Wanakuogopa, dada. Usikasirike."

Jicho alikasirika, na hakuamini hata neno moja. Mchana akambakiza Kipusa darasani. Hakumwuliza kitu. Aliandika kwenye karatasi, "Mama yako anakuita stoo," akaisukuma mbele yake, kisha akajifanya anasahihisha madaftari.

Kipusa akainuka, akaelekea mlangoni. Alipofika katikati, akasimama kama aliyemwagiwa maji baridi.

"Rudi, ukae. Nani kakwambia ujifanye hujui?"

"Hakuna."

"Mwalimu wako wa herufi?"

"Hapana, mwalimu! Asije akafukuzwa." Machozi yakaanza. "Nikipanda kundi, sitapewa tena vijitabu."

"Na wewe vya nini, ikiwa unasoma matangazo?"

"Ni vya mama."

Hata hilo Jicho hakulimeza upesi, watoto alishawazoea. Akaenda stoo mwenyewe. Mfagizi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kidole chini ya neno, midomo ikimtembea. Alipoona kivuli, akakificha kijitabu ndani ya kanga.

"Samahani, mwalimu. Kipusa aliniambia watoto wote wanapewa."

Jicho akamweleza jinsi mambo yalivyokuwa. Mama yule akasimama, uso umemwiva.

"Yaani mwanangu kaonekana bwege miezi mitatu kwa ajili yangu?" Akamwita bintiye, ambaye alikuwa amejibanza nyuma ya mlango. "Wewe! Nani kakutuma?"

"Ulisema ukijua kusoma utaacha kuwaomba watu wakusomee maelezo ya dawa."

Mama akamvuta mtoto kifuani, akamkaripia hukohuko kifuani, "Kesho unapimwa, na unasoma yote. Umenisikia?"

Kesho yake Kipusa aliruka makundi mawili kwa mpigo, akatua kwenye hadithi.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi kwa Jicho. Alizunguka ofisini mara mbili kabla ya kusimama mbele ya kijana.

"Nilikufikiria vibaya."

"Nami nilikufikiria vibaya wewe. Tumelipana."

"Bado nina mwanafunzi wa kukuletea," akasema Jicho. "Kwanza mpime. Usimwonee huruma, hataki."

Mfagizi alisoma maneno manne kati ya kumi, jasho likimtoka. Jumatatu akaingia kundi la herufi, magoti yamegonga dawati la watoto, akanyoosha mkono kabla swali halijaisha.