Mgonjwa wa Getini

Mlinzi wa geti la hospitali aliitwa Kufuli, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Roho yake ilikuwa ngumu, tena aliitunza kama viatu vya kazini. Ukifika saa ya kuona wagonjwa imepita, lia, piga magoti, zimia ukitaka. Kufuli alitazama pembeni akapiga miayo. Watoto ndio kabisa. Kanuni ilisema wasiingie wodini, na kanuni aliipenda kama wenzake walivyopenda wajukuu.

Basi akaja mama mmoja na binti yake mdogo, bibi wa mtoto amelazwa. Mama aliingia, mtoto akaachwa kwenye benchi, nje ya geti.

Mtoto akawa anamchunguza Kufuli, aliyekaa ndani ya geti, nyuma ya nondo. Watu walipita na vikapu na chupa za chai, kila mmoja ana mgonjwa wake. Huyu babu aliyefungiwa ndani hakuna aliyemletea hata maji. Mtoto akaelewa mambo kwa akili yake.

Kesho yake akampenyezea chungwa kwenye nondo.

"Pole kwa kuumwa, babu."

"Mimi siumwi!"

"Hata bibi anasema hivyohivyo. Kula."

Kufuli alifoka. Mtoto akamtikisia kichwa kwa huruma, maana wagonjwa huwa na hasira. Chungwa Kufuli akalila, eti lisiharibike.

Tangu hapo akawa na mgeni wake. Aliulizwa amelalaje, amekula nini. Haikupita muda akawa anakunywa chai mapema ili jibu liwe zuri, mtu mzima na ndevu zake! Hakuna aliyemuuliza hali tangu mkewe aondoke, na mkewe aliondoka kwa kuchoshwa na kanuni. Jambo hilo lilimuuma, naye akamkaripia mfagiaji.

Ijumaa muuguzi akaja mbio getini, mama wa mtoto nyuma yake. Bibi alikuwa anapelekwa kupasuliwa, naye amekataa katakata mpaka amwone mjukuu.

"Baba, nakuomba," mama alisema.

Foleni nzima ya wageni ikanyoosha shingo imsikie akikataa. Msimamizi wake naye alikuwa amesimama kwenye ngazi. Kufuli akakohoa, akalitafuta lile neno lake la kukataa, asilipate. Akafungua geti.

"Na sisi je?" foleni ikaruka.

"Huyu ana mgonjwa," alisema Kufuli, jasho likimtoka.

"Kwani sisi tumefuata nini hapa?"

Kufuli akasogea kando, akampisha mtoto.

Mtoto alimshika muuguzi mkono. Alipoona mama yake anamfuata, akamzuia kwa kiganja, kama mlinzi hasa.

"Mama, wewe baki na babu. Huyu hana mtu."

Mama, aliyekuwa akimlaani Kufuli kimoyomoyo siku zote hizo, akakaa. Shingo upande, akamuuliza anaendeleaje.

Kufuli alifungua mdomo aseme hajambo. Akalia, mbele ya foleni nzima.